Pikapu hufa miguu kabla ya injini

KUNA mlio ambao ukishausikia mara moja huwezi kuusahau. Ni 'ko, ko, ko' ya chini chini inayotoka upande wa mbele wa pikapu kila tairi linapoingia shimoni. Abiria akiuliza, dereva huongeza sauti ya redio.

Mimi niliusikia kwa mara ya kwanza nikiwa msichana wa shule katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, mwishoni mwa miaka ya 1990. Tulikuwa tumepanda matola, ndivyo Wamalawi wanavyoziita pikapu zinazobeba abiria kwa nauli, kutoka njia panda ya Dowa iliyoko kwenye barabara kuu ya M1. Nyuma tulikuwa watu zaidi ya ishirini, magunia ya mahindi na mbuzi wawili waliofungwa miguu. Tulipoanza kuteremka kijilima karibu na kambi, gari liliinama upande wa kushoto kama mtu aliyejikwaa, likaburuza pua, likalala. Nilipoinuka niliona tairi la mbele la kushoto limelala bapa chini ya gari, limekunjika kama mguu wa kuku uliovunjwa.

Hakufa mtu. Lakini rafiki yangu niliyekuwa nikikaa naye dawati moja alivunjika nyonga na hakurudi tena darasani. Watu wazima walisema ni kudra ya Mwenyezi Mungu, nasi watoto tukaitikia.

Ilinichukua zaidi ya miaka 25, na safari nyingine ya kwenda Malawi nikiwa na pesa kwenye mkoba, kupata maelezo tofauti na yale.

Naandika haya nikijua wanaosoma ukurasa huu. Wengi wetu tumerudi au tunajiandaa kurudi, na wengine wanaishi kwa kuvuka mpaka na mizigo. Katika watu kama sisi, mtu akishakusanya pesa kidogo, jambo la kwanza analowaza si nyumba wala shamba. Ni pikapu ya dizeli. Na tunavyoinunua, tunainunua kwa masikio: tunafungua boneti, tunawasha injini, tunatazama moshi, tunasema 'injini safi', tunatoa pesa. Hakuna anayeinama.

Nusu ya pesa ni yangu

Nilizaliwa Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi. Vita ilipoanza mwaka 1993 tuliondoka, na baada ya kuhangaika tulijikuta Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 katika wilaya ya Dowa, kilometa 40 na ushei kaskazini mwa Lilongwe. Mahali pale palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda, na wenyeji husema jina lenyewe lina maana ya mtu anayeapa kwamba hatarudia tena. Ndipo niliposoma, kwa Kiingereza na mtaala wa Malawi. Nilirudi nyumbani mwaka 2009 na sasa nafundisha Kiingereza hicho hicho.

Mdogo wake marehemu mume wangu alibaki Malawi. Alikuwa na duka katika kituo kimoja cha biashara nje ya kambi na lilikuwa likienda vizuri hadi mwaka 2023, serikali ya Malawi ilipoamuru wakimbizi wote wanaoishi mijini na vijijini warudi Dzaleka. Mwezi Mei mwaka ule polisi walianza kuwazungukia. Shemeji alirudi kambini na alichoweza kubeba. Kambi iliyojengwa kwa ajili ya watu wapatao 10,000 ilikuwa tayari na zaidi ya 50,000, na duka la pili la sukari na sabuni halikuwa na mteja.

Akaniandikia: "Shemeji, nimechoka. Narudi Rumonge. Lakini sitarudi mikono mitupu. Tununue pikapu, inilete mimi na familia, halafu ifanye kazi ya mawese na mchele kati ya Rumonge, Manyovu na Kigoma."

Hesabu yake haikuwa mbaya. Mawese ya Rumonge yana soko, na mpaka wa Mugina na Manyovu uko karibu. Kasoro ilikuwa kwamba nusu ya pesa ilipaswa kutoka kwangu, akiba ya miaka sita niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya mabati ya nyumba. Nikasema nitatoa, ila gari nilione kwa macho. Likizo ya Julai mwaka 2024 nikapanda basi.

Nilipofika Lilongwe, alikuwa ameshatoa kishika uchumba.

Gari lilikuwa Toyota Hilux ya milango minne, lile umbo lililoanza kutoka mwaka 2004 na watu wengi wanaliita Vigo, injini ya dizeli ya lita tatu. Rangi mpya nyeupe, tairi nene kuliko za kiwandani, pua imeinuliwa juu. Muuzaji, mtu mwenye yadi yake ambaye sitamtaja, alilipiga stati mara moja likaitika. Shemeji alinitazama kama bwana harusi anayeonyesha mchumba. Kila nilipouliza swali, muuzaji alimjibu yeye.

Nilishikilia jambo moja tu: gari liende Dzaleka likaangaliwe na fundi wetu. Muuzaji alikubali, akampa dereva wake atuendeshe. Kutoka mjini tukapita Kanengo na Lumbadzi juu ya lami, gari limetulia kama kitanda. Tulipoiacha lami na kuingia njia ya vumbi ya kambini, dereva alinyoosha mkono na kuongeza sauti ya redio.

Nikamwomba aizime. Ko, ko, ko.

Chini ya mwembe

Fundi wetu ni mzee wa Bukavu. Gereji yake ni mwembe mmoja, jeki mbili, magogo ya kukingia gari na sanduku la spana. Hakufungua boneti. Alizunguka gari, akapiga magoti kwenye tairi la mbele, akaingiza mkono nyuma yake na kupapasa upande wa ndani, ule usioonekana ukiwa umesimama. Akaniita nipapase na mimi. Kwa nje tairi lilikuwa na meno marefu. Kwa ndani lilikuwa limeliwa mpaka nyuzi zinachoma vidole.

"Mwalimu," aliniambia, "hii motokari iko na miguu ya deni."

Alichonifundisha mchana ule nakieleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Tairi la mbele la pikapu ya namna ile limeshikwa na mikono miwili ya chuma, mmoja juu na mmoja chini. Upande wa chesi mikono hiyo inazunguka juu ya bushi, yaani mipira iliyobanwa ndani ya bomba la chuma. Upande wa tairi kila mkono unaishia kwenye bolijointi: kichwa cha chuma cha duara kilichokaa ndani ya kikombe, kama mfupa wa paja ulivyokaa kwenye nyonga. Kiungo hicho ndicho kinachoruhusu tairi lipande na kushuka na wakati huo huo lizunguke kulia na kushoto. Katika Hilux hii, koili ya springi imekalia mkono wa chini. Kwa hiyo uzito wa mbele wa gari, pamoja na injini, unapita kwenye bolijointi ya chini. Ya juu inashikilia tu isiyumbe.

Injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli ya ukubwa ule ule, kwa sababu lazima istahimili mgandamizo mkubwa zaidi. Uzito huo hauteremki gari likipakuliwa. Upo pale usiku na mchana. Wamarekani wanaoendesha pikapu kubwa za Ram zenye injini ya Cummins ya lita 5.9, injini yenye uzito wa karibu nusu tani peke yake, wanalalamikia bolijointi za mbele kama sisi, na barabara zao ni lami. Na mwaka 2005 Toyota yenyewe iliyaita magari zaidi ya 700,000 nchini Marekani, yakiwemo ya Tacoma na Tundra, kwa sababu ya kasoro ya kiwandani iliyoweza kuchakaza bolijointi za mbele za chini mapema. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hili ni tatizo la magari ya maskini.

Kinachoiua bolijointi ni vumbi na maji. Imefunikwa na kofia ya mpira iliyojaa grisi. Mpira ukichanika, grisi inatoka, vumbi la njia linaingia, mvua ya kwanza inaleta kutu, na kuanzia hapo kila shimo linasaga kikombe kama jiwe la kusagia. Nafasi inaanza kama unene wa karatasi. Inaongezeka. Mlio unaanza. Mwisho kichwa kinachomoka kwenye kikombe, na mara nyingi ni wakati wa kukata kona au kufunga breki, tairi linapobeba zaidi.

Nilimsimulia ile matola ya utoto wangu. Aliuliza kama tairi lilikatika na kubiringika mbele au lilikunjika chini ya gari. Nilipomwambia lilikunjika, alitikisa kichwa. Likibiringika mbele, alisema, mshuku beringi au nati za tairi. Likikunjika chini ya gari, bolijointi ndiyo ya kwanza kushukiwa, na hiyo haiondoki bila kuaga.

Kisha akanionyesha namna ya kupima, na hapa naomba msomaji anayetaka kununua gari asome polepole.

Hakuweka jeki kwenye chesi. Aliiweka chini ya mkono wa chini, karibu na tairi. Ukiinua chesi, springi inaendelea kuusukuma mkono chini, kiungo kinabaki kimebanwa na nafasi yake haionekani. Fundi anayetaka kukudanganya ataweka jeki pale. Tairi lilipopaa kidogo alilishika juu na chini, akalisukuma na kulivuta. Likacheza. Akamwambia shemeji aingie akanyage breki. Akalitikisa tena. Kama mchezo ungekwisha baada ya kukanyaga breki, ugonjwa ungekuwa wa beringi, kwa sababu breki inalizuia tairi lisicheze kwenye beringi. Haukwisha. Akatumia bomba refu kuinua tairi kwa chini, akaniambia nitazame kiungo. Nilikiona kikipanda na kushuka ndani ya kikombe, wazi kabisa, unene wa sarafu. Mwisho akalishika tairi kushoto na kulia: huko unapima tairodi endi na raki ya usukani. Kote hakukuzidi dakika kumi.

Baada ya hapo alikwangua rangi nyeusi iliyokuwa imepakwa kwenye bolijointi ya kushoto. Chini yake palikuwa na alama ya kuchomelea. Mtu alikuwa amegonga kikombe kwa nyundo kipungue, akakizungushia moto wa kulehemu ili kisiachie. Moto huo huo ndio unaounguza grisi na kitambaa laini cha ndani, na chuma chenyewe kinapoteza ugumu wake. Bushi za mkono wa chini zilikuwa zimechongwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Juu ya koili kulikuwa na vipande vya chuma vilivyowekwa ili pua iinuke. Kwa hiyo ule urefu uliompendeza shemeji ulikuwa unailaza mikono kwa pembe kali na kuvuta mipira ya kofia mpaka ichanike. Na zile tairi nene, zilizotokeza nje ya bodi, zinafanya kazi ya mtu anayefungua nati kwa spana ndefu: shimo lile lile linavuta kiungo kwa nguvu zaidi.

Dereva wa muuzaji alikuwa amekaa kivulini. "Amayi," aliniambia kwa upole, "hilo ni jambo dogo. Magari yote ya Malawi yako hivyo."

Sikumjibu, maana nilihofia kwamba anasema kweli.

Kila gari na ugonjwa wake

Nilimuuliza mzee ni pikapu gani basi ambayo haina shida hii. Alicheka. Alisema kila gari lina ugonjwa wake, muhimu ni kujua uko wapi.

Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile zinazotumiwa na mashirika mengi, hazina mikono wala bolijointi za namna hii mbele. Zina ekseli nzima ya chuma kutoka tairi hadi tairi. Toka zilipoanza mwaka 1984 mpaka 1999 pikapu zake zilikalia springi za vyuma bapa mbele. Kuanzia hapo 79 ikawekewa koili, ekseli ikabaki ile ile. Ni ngumu kweli. Lakini kwenye ncha za ekseli kuna beringi ndogo za juu na chini ambazo tairi huzungukia, na sili ya kuzuia mafuta. Ukiona grisi nyembamba kama uji inachuruzika nyuma ya tairi, ujue sili ya ndani imekufa na mafuta ya difu yanaosha grisi. Na ukigonga shimo ukiwa na kasi ya 70 halafu usukani ukaanza kutetemeka kiasi cha kukutoa meno, angalia bushi za kile chuma kirefu kinachoizuia ekseli isiende pembeni, na zile beringi. Wauzaji wengi hufunga shokapu mpya ya usukani. Tetemeko linatulia wiki mbili, ugonjwa uko pale pale.

Isuzu za zamani, D-Max za kabla ya toleo la 2012 na ndugu zake KB, zina chuma kirefu kinachojisokota badala ya koili, kama Nissan Hardbody. Hizo fundi yeyote anaweza kuziinua pua kwa spana moja tu, kwa kukaza bolti. Ukiona Isuzu ya namna hiyo imesimama kifua mbele, uliza ni nani aliyekaza na kwa nini. Mara nyingi ni kuficha chuma kilichochoka.

Kuhusu shokapu, ule mtindo wa kubonyeza boneti na kuangalia gari linadunda mara ngapi mzee aliuita mchezo wa magari madogo. Pikapu ni ngumu, haikwambii kitu. Yeye hulipeleka gari kwenye njia ya mawimbi kilometa chache, anashuka na kugusa shokapu kwa mgongo wa mkono. Inayofanya kazi inakuwa ya moto. Iliyokufa ni baridi. Yetu ya kushoto ilikuwa baridi kama mtungi. Kwa nini kushoto, kama ile ya utotoni? Malawi na Tanzania tunaendesha kushoto, na tairi la kushoto ndilo linaloshuka na kupanda ukingo wa lami kila ukimpisha mwenye basi. Nyumbani Burundi tunaendesha kulia, ugonjwa unahamia upande wa pili.

Kisha mzigo. Nilidhani kupakia sana ndiko kunakoua mbele. Si hivyo moja kwa moja. Hilux inabeba karibu tani moja. Ukiipa mbili, nyuma inakaa chini na pua inapaa, usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli. Dereva anaona raha. Lakini akifunga breki kwenye mteremko, tani zote mbili zinasukuma kuja mbele kwa mara moja, kwenye bolijointi ile iliyochoka. Ndiyo maana ile matola yetu ilianguka ikiteremka.

Spea za Lilongwe

Nilitegemea mzee aseme tuliache. Akasema injini ni nzima, giaboksi ni nzima, chesi haijapasuka, miguu inanunuliwa. Alichotaka ni gharama ya miguu itoke kwenye bei.

Tukarudi kwa muuzaji. Kishika uchumba hakurudishi, alisema, lakini alipoona tunajua tunachosema alipunguza bei, si yote tuliyoomba. Shemeji alikuwa amenuna njia nzima. Aliona nimemwaibisha mbele ya watu. Kosa langu ni kwamba sikumweleza vizuri. Nilikuwa nafundisha wakati mtu anaomboleza.

Ugomvi wenyewe ulikuja kwenye spea. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilikuwa imeshusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, dola ikatoka karibu kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa siku moja, na kila kinachotoka nje kikapanda. Tulizunguka maduka ya Area 2 siku mbili. Bolijointi ile ile ilikuwa na bei tatu. Ya kwanza imo ndani ya boksi la Toyota, bei ya chini ajabu. Ya pili imeandikwa 555, jina la Kijapani ambalo mafundi wa Afrika Mashariki wanaliamini, na kwa sababu hiyo linaigwa. Ya tatu ilikuwa ghali kiasi cha kumfanya shemeji atoke nje ya duka.

Mzee alitupa kipimo chake. Shika kile kichwa kwa vidole ukizungushe: kizuri ni kigumu, kinakwenda polepole na hakina mikwaruzo, cha kuigwa kinazunguka kilegevu tangu siku ya kwanza. Tazama maandishi kwenye chuma chenyewe, si kwenye boksi. Angalia mpira wa kofia kama umebanwa kwa pete ya chuma au umevalishwa tu. Ya boksi la Toyota ilizunguka kama pia ya mtoto.

"Shemeji, hizo pesa ni za mabati yako," aliniambia tukiwa tumesimama juani. "Tufunge za bei rahisi, tukifika nyumbani tutabadilisha."

Nikamuuliza watoto wake watatu atawapakia gari gani.

Tulinunua 555 mbili za chini na mbili za juu, bushi za kiwandani, tairodi endi mbili na shokapu za mbele zote mbili, kwa sababu ukibadilisha moja gari linavuta upande. Mabati yakaishia hapo. Mzee alifanya kazi siku mbili, akatoa vile vyuma vya kuinulia pua, tukauza tairi nene na kununua za kipimo cha kiwandani. Halafu gari likaenda Lilongwe kupimwa alaimenti kwa mashine. Usiruke hatua hiyo. Bila alaimenti, tairi mpya zinaliwa kabla hujafika Karonga.

Kuhusu karatasi sitasema mengi, wafanyabiashara wa mpakani mnanizidi. Tulichukua uthibitisho wa polisi kwamba gari si la wizi, na bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo inakubalika hata Tanzania ingawa haimo tena katika jumuiya hiyo.

Siku ya kuondoka tuligombana tena kidogo. Shemeji alitaka kupakia mashine yake ya kusaga unga. Mzee wa Bukavu alisimama mbele ya gari. "Godoro ndiyo. Watoto ndiyo. Mashine hapana." Mashine ilifuata baadaye kwa lori.

Tuliondoka Dzaleka alfajiri ya siku moja ya Agosti. Mpaka wa Songwe na Kasumulu uko zaidi ya kilometa 600 kutoka Lilongwe, na kabla ya kufika ziwani kuna mteremko wa Chiweta, kona juu ya kona. Pale shemeji alizima redio mwenyewe. Hakuna aliyeongea hadi chini. Nilisikia breki, nilisikia mtoto akikohoa, sikusikia kitu kingine.

Mbeya tulisimama fundi mmoja akaze nati upya na kuangalia pini zinazozifunga, kama tulivyoagizwa, kwa sababu vyuma vipya hukaa sawa baada ya kutembea. Nati moja ilikuwa imelegea robo mzunguko. Tukaendelea Tunduma, Sumbawanga, Mpanda. Kutoka Mpanda kwenda Uvinza tulikula vumbi na mawimbi ya kutosha, na kila tuliposimama kuchimba dawa, mtoto mkubwa wa shemeji alikwenda kugusa shokapu kwa mgongo wa mkono. Zote za moto, alitangaza, kama mtu wa hali ya hewa.

Tulivuka Manyovu siku ya sita. Kijana mmoja wa mpakani aliizunguka Hilux, akauliza ni ya mwaka gani, akaomba boneti ifunguliwe asikilize injini.

Nyumba yangu mpaka sasa ina mabati upande mmoja. Pikapu inafanya kazi mafuta yanapopatikana. Miezi mingi ya 2024 hayakupatikana. Mwaka uliofuata, Jumamosi moja nikisahihisha mitihani, shemeji alinipigia simu kutoka njia ya Mugina akiwa na madumu ya mawese.

"Shemeji, kuna mlio."

Nikamuuliza upande gani.

"Kulia. Nimeshalipiga jeki, chini ya mkono. Tairi halichezi. Ni kile kichuma chembamba cha kuzuia gari lisilale kwenye kona, mpira wake umekwisha. Nipe nusu saa."